Namba Mbili Tusizouliza

Vijana wengi ninaowajua kando ya ziwa, kuanzia Usenge hadi Mbita, hawafungi tena safari ya Kisumu mjini kutafuta matairi. Hufungua simu, wakaandika ukubwa wanaoutaka, na picha za matairi meusi yanayong'aa zikawajia pamoja na bei. Muuzaji huwa Nairobi, pengine Mombasa. Pesa huenda kwa M-Pesa na matairi huja kwa basi la usiku. Wakati wa masika yaliyopita mpwa wangu, anayebeba samaki na abiria kwa Probox kati ya Homa Bay na Kisumu, alinitumia tangazo moja la namna hiyo. "Mjomba," akaandika, "haya ni mapana kuliko niliyo nayo na bei iko chini. Niagize?" Picha ilionyesha meno mazito na jina la kampuni. Chini yake paliandikwa 175/65R14, neno "mapya" na bei. Hapakuwa na kingine.

Mpwa wangu aliuliza yale ambayo karibu kila mnunuzi huuliza: je, litaingia kwenye rimu, na ni pesa ngapi? Ni maswali ya haki. Lakini ubavuni mwa kila tairi kuna majibu ya maswali mengine mawili, na hayo ndiyo huamua kama gari litafika: tairi hili limeundwa kubeba kilo ngapi, na lilitoka kiwandani lini? Nilifundishwa kuyauliza nikiwa na umri mdogo kuliko wake, na niliyoyaona barabarani baada ya hapo hayajaniruhusu kuyasahau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kampuni ya kusafirisha samaki, eneo la viwanda la Kisumu. Ilikuwa enzi ya samaki aitwaye mbuta. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeongezeka mjini, soko lilikuwa Ulaya, na malori madogo yalitoka alfajiri na barafu kwenda kwenye fuo, yakarudi jioni na samaki. Samaki hangoji. Gari likikwama njiani saa chache kwa sababu ya tairi, barafu huyeyuka na kiwanda hukataa mzigo wote. Ndiyo maana stoo ya matairi ilitunzwa pale kuliko stoo nyingine yoyote.

Mkuu wangu alikuwa mzee ambaye sote tulimwita Jaduong'. Alikuwa na sharti moja: tairi halikuingia wala kutoka kabla ya kunakiliwa kwenye daftari yale yaliyoandikwa ubavuni mwake, namba kwa namba, herufi kwa herufi. Yaliyoandikwa kwenye risiti hayakumtosha. "Risiti imeandikwa na mtu anayetaka kuuza," aliniambia. "Ubavu umeandikwa na aliyelitengeneza." Basi nilipiga magoti na tochi na kitambaa cha maji, nikafuta vumbi, nikanakili.

Malori yetu yalivaa 7.50-16. Jaduong' alinieleza kwamba 7.50 ni upana kwa inchi, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na kistari kilicho katikati kinaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepishana kimshazari. Palipoandikwa R mahali pa kistari, nyuzi zilivuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Hilo ni tairi la radiali, lisilochemka upesi na linalodumu zaidi. Alinionya nisiruhusu aina hizo mbili zifungwe kwenye ekseli moja, kwa sababu haziishiki barabara kwa namna moja.

Magari madogo ya ofisi yalikuwa na maandishi marefu zaidi, na ndiyo haya haya ambayo mnunuzi wa leo huyakuta mtandaoni. Chukua 195/65R15 91H, ukubwa unaovaliwa na Premio nyingi. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, yaani karibu milimita 127. R ni radiali. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni namba ya mzigo, na H ni herufi ya kasi. Wauzaji na wanunuzi wengi huishia kwenye 15. Jaduong' hakukubali niishie hapo. Karani aliyeandika ukubwa bila namba ya mzigo alirudishwa stoo kuandika upya.

Wakati huo uchaguzi ulikuwa mdogo. Matairi mengi yalitoka kiwanda cha Nairobi kilichoitwa Firestone East Africa na baadaye Sameer Africa, chenye matairi ya Yana ambayo kila dereva nchini aliyajua. Kisha milango ya uagizaji ikafunguliwa, majina yakaongezeka, na mwaka 2016 kiwanda hicho kikafungwa. Leo tairi linaloingia Kisumu huenda limetengenezwa China, India, Japani au Indonesia, na majina ni mengi kiasi kwamba jina peke yake halimwambii mnunuzi mambo mengi. Mpangilio wa namba, hata hivyo, haubadiliki na jina wala nchi. Aliyejifunza kuusoma kwenye tairi moja anaweza kulisoma tairi la kampuni asiyowahi kuisikia. Nilishukuru sana kwa mafunzo ya Jaduong' siku majina yale mapya yalipoanza kupangwa kwenye rafu zetu.

Maana ya namba ya mzigo niliiona kwa macho. Msimu mmoja samaki walikuwa wengi na kampuni ikakodi pikapu ya mtu binafsi kusaidia. Mwenyewe alikuwa ametoka kununua matairi mapya ya nyuma. Aliagiza kwa maneno tu, "195 ya 14," na akaletewa 195/70R14 91. Yaliingia kwenye rimu bila shida. Lakini pikapu ile ilistahili 195R14C, lenye 106/104 ubavuni. Herufi C huonyesha tairi la gari la biashara. 106 ni kilo 950 kwa tairi linalofungwa moja kila upande, na 104 ni kilo 900 kwa matairi yanayofungwa mawili mawili. 91 ni kilo 615.

Piga hesabu ya ekseli ya nyuma. Matairi mawili yaliyostahili yangebeba kilo 1,900. Yale yaliyofungwa yaliweza kilo 1,230. Pengo ni kilo 670, na pikapu ilikuwa na samaki, barafu na watu juu. Dereva alipoyaona yamebonyea alimwambia mtu wa pancha aongeze upepo hadi kiasi alichozoea kwa matairi ya mizigo, zaidi ya PSI 60. Ubavuni kiwango cha mwisho kilikuwa kimeandikwa wazi: PSI 44.

Moja lilipasuka kati ya Kendu Bay na Katito, jua la mchana likiwa kali. Pikapu iliacha njia ikalala kwenye shamba la mtama. Hakuna aliyekufa, lakini utingo alivunjika mkono, na samaki waliovuliwa kwa gharama ya mafuta, barafu na usiku mzima wa wavuvi waliharibika pale. Nilitumwa pamoja na fundi kwenda kulichukua gari, na nikainama kulisoma tairi la pili lililobaki zima. Meno yake yalikuwa mapya kabisa. Lilikuwa tairi zuri, la ukubwa ulioingia, na bado halikuwa tairi la gari lile.

Hapo nilielewa kwamba upana haubebi mzigo. Kinacholibeba gari ni upepo uliomo ndani, na kinachouzuia upepo usitoke ni nguvu ya nyuzi zilizofichwa kwenye mpira. Nguvu hiyo haionekani kwa jicho wala kwenye picha. Imeandikwa kwa namba ile moja ndogo.

Herufi ya kasi inayofuata namba hiyo nayo ina kazi yake. N ni kilomita 140 kwa saa, Q ni 160, S ni 180, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Sheria yetu ya Kenya inaruhusu 100 hadi 110 kwa gari la kibinafsi kwenye barabara kuu, kulingana na aina ya barabara, na 80 kwa gari la abiria, kwa hiyo mtu anaweza kudhani herufi hii haimhusu. Inamhusu kwa sababu inapima uwezo wa tairi kustahimili joto, na joto ndilo huachanisha tabaka zake. Hata hivyo nimewaona watu wakilipia zaidi ili wapate V huku namba ya mzigo ikiwa chini ya ile ya gari lao. Kwa gari linalopakia magunia ya omena au abiria wa Bondo, pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye namba ya mzigo.

Swali la umri nililijua kupitia tairi ambalo Jaduong' alilikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mfanyabiashara mmoja alituletea matairi kwa bei iliyomfurahisha mhasibu. Yalikuwa hayajaguswa na barabara, na yalikuwa yamepakwa kitu cha kuyang'arisha. Jaduong' alitafuta herufi DOT ubavuni, akazifuata hadi mwisho wa mstari. Enzi hizo tarehe iliandikwa kwa tarakimu tatu, mbili za wiki na moja ya mwaka. Lililokuwa mbele yetu lilisoma 238: wiki ya 23 ya mwaka unaoishia na 8. Ungeweza kusema ni 1998. Jaduong' alilikunja bavu kwa magoti yake, akanionyesha nyufa nyembamba zilizofunguka chini ya ule mng'ao. Lilikuwa la 1988. Mhasibu alilalamika, matairi yakarudishwa.

Tangu mwaka 2000 utata huo haupo. Tarakimu ni nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kinachowapita wengi ni kwamba mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili unaweza kuwa na herufi DOT bila tarehe. Muuzaji akikutumia picha ya upande usio na tarehe hajasema uongo, lakini hajakujibu. Na ukifungiwa tairi upande wa tarehe ukaelekea ndani, itakubidi uingie chini ya gari kuisoma.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala rafuni. Joto, hewa na jua huukausha, hadi siku moja meno yakabanduka kutoka kwenye nyuzi ilhali bado ni marefu. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Spea nayo imo katika hesabu hiyo. Mji wetu uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini mchana wake hufika nyuzi 30, na tairi lililotundikwa nje ya duka kama bango huchomwa na jua hilo siku baada ya siku. Niliwahi kuwaona watu wakilichagua hilo la nje kwa sababu ndilo walilolitazama kwanza. Mimi huomba la ndani, kisha nasoma tarehe yake.

Magari yaliyotumika yalipozidi kuja kutoka Japani, nilikutana na fumbo jingine. Jirani yangu, mwalimu aliyefundisha upande wa Maseno, alinunua gari lililotoka bandari ya Mombasa likiwa na matairi yenye meno mengi mno. Alifurahi kwamba hatahitaji mengine kwa miaka. Lakini jioni za mvua, na Kisumu mvua hupenda kuja jioni, gari lilikuwa likiteleza kila alipokanyaga breki kwenye mteremko wa kurudi Kisian. Fundi alibadilisha pedi za breki bila mafanikio. Jirani aliponiita, nilianza kwenye ubavu. Paliandikwa STUDLESS, na baada ya namba ya mzigo herufi ilikuwa Q.

Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, na ndiyo maana kaskazini mwa Japani ni mkombozi wa maisha. Kwenye lami yetu ya moto mpira huo huwa laini kupita kiasi: breki hukamata kwa kuchelewa na meno huisha upesi. Mengine huwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. M+S peke yake, inayoonekana kwenye matairi mengi ya magari ya juu, ni jambo tofauti. Hiyo huelezea meno yanayofaa tope na theluji, na kwenye murram yenye matope inaweza kukufaa. Jirani alinunua mengine na mtelezo ukaisha. Kila nionapo tangazo linalosema "kutoka Japani" kama sifa, hukumbuka gari lile. Tairi linaweza kuwa la ubora wa juu kabisa na bado likawa limetengenezewa hali ya hewa ya watu wengine.

Gari hilo hilo lilinifundisha mahali pa kuanzia. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva palikuwa na karatasi iliyobandikwa kiwandani. Maneno yalikuwa ya Kijapani, lakini namba zilisomeka: 195/65R15, na upepo kPa 220. Gawanya kwa 6.9, unapata karibu PSI 32. Hicho ndicho kiasi cha kumwambia mtu wa pancha, si kile kikubwa kilicho ubavuni, ambacho ni ukomo usiovukwa. Karatasi hiyo iko kwenye magari mengi yaliyotoka Japani, na wenye magari wengi wanaifungulia mlango kila asubuhi bila kuisoma.

Meno yenyewe nayo huongopa. Katika soko moja la mjini nilimtazama kijana akichonga tairi kipara kwa kisu kilichopashwa moto, akifuata mistari ya zamani hadi likaonekana kama halijatumika mwaka. Alikuwa na mkono wa ustadi, na nilisikitika kuona ustadi huo ukitumika hivyo. Baadhi ya matairi ya malori huwa na mpira wa ziada chini ya meno na huandikwa REGROOVABLE, yaani yanaruhusu kuchongwa. Tairi la gari dogo halina akiba hiyo, na kisu hukaribia nyuzi. Namna ya kujua ni kutafuta herufi TWI au pembetatu ndogo begani mwa tairi. Ndani ya mfereji ulioelekea alama hiyo kuna tuta dogo lenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na tuta, tairi limekwisha. Tuta likiwa limekatwa au halipo, kisu kimepita. Nani atakayeliona tuta hilo kwenye picha iliyopigwa kwa mbali? Na mifereji ndiyo humwaga maji barabara ya Ahero inapofurika. Isipofanya kazi yake, tairi huelea na usukani hauna la kuliambia.

Yote hayo yalinirudia nilipolitazama tangazo la mpwa wangu. Nilimwomba kwanza anisomee karatasi ya mlango wake. Probox yake ya mizigo ilistahili 155/80R14 88/86N. Kisha nikamwambia aombe picha ya ubavu wa tairi lililotangazwa. Ilikuja: 175/65R14 82T. Nilimwandikia hesabu. 88 ni kilo 560 na 82 ni kilo 475. Lile pana lilikuwa na upungufu wa kilo 85 kwa kila tairi, kilo 340 kwa gari zima. Tena lilikuwa fupi kwa kipenyo kwa karibu sentimita 2, kwa hiyo gari lingeshuka sentimita 1 kwenye barabara za mawe za kuelekea fuoni, na mshale wa mwendo ungeonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli. "Kumbe jembamba ndilo lenye nguvu," akajibu. Alitafuta muuzaji mwingine.

Wa kwanza kati ya waliofuata alikataa kutuma picha za matairi yenyewe, akisema mzigo wote ni sawa. Mpwa wangu alimwacha. Mwingine alikubali masharti: picha ya ubavu wa kila tairi, ukubwa na namba ya mzigo vikionekana, tarakimu nne za tarehe zikionekana, na karatasi yenye jina la mnunuzi ikiwa kando ili ijulikane picha ni ya leo. Tulikubaliana alipwe nauli ya mzigo kwanza na pesa iliyobaki baada ya ukaguzi. Matairi yalipofika Kisumu kwa basi, tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya mizigo na kitambaa cha maji. Matatu yalikuwa ya 2024 kama picha zilivyoonyesha. La nne lilikuwa la 2019.

Mpwa wangu hakugombana na mtu. Alipiga picha, akaiweka chini ya ile aliyotumiwa mwanzo katika mazungumzo yale yale, akampigia muuzaji. Hakukuwa na la kubishania. Tairi jingine lilipandishwa basi la usiku uliofuata, na hapo ndipo pesa ikatumwa.

Nilijifunza kwamba mtandao una faida ambayo duka la zamani halikuwa nayo: ahadi ya muuzaji hubaki imeandikwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 nayo inamtaka anayeuza kupitia intaneti atoe maelezo kabla mkataba haujafungwa. Lakini haki hiyo hupata nguvu pale mnunuzi anapokuwa ameuliza na kujibiwa. Aliyetuma pesa kwa picha ya meno na neno "mapya" atalalamikia ahadi gani?

Mwenye duka mmoja wa Kisumu, tuliyefahamiana tangu siku za stoo, ananilaumu kwa kuwasaidia vijana kununua mbali. Ana hoja. Bei yake inahesabu kufunga, balansi na valvu mpya, na tairi likiota uvimbe wiki ya pili unamrudishia mkononi siku hiyo hiyo. Bei ya mtandaoni, ukiijumlisha na nauli ya basi na fundi wa kufunga, mara nyingine huipita ya kwake. Namheshimu, na kwa mtu anayeweza kufika kwake simzuii. Ninachosema ni kwamba maswali ni yale yale kwa muuzaji wa simu na kwa muuzaji wa kaunta, na duka linaloyajibu vizuri halina sababu ya kuogopa mtandao.

Kwa miaka ya karibuni, takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinaonyesha zaidi ya watu 4,000 wakifa barabarani kila mwaka nchini. Visababishi ni vingi, na tairi ni kimoja tu kati yake. Lakini hiki kimoja kinaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye macho na kitambaa, kabla ya safari, bila gharama. Ningependa kila SACCO ya magari ya abiria kando ya ziwa iwe na daftari la namba za ubavuni kwa kila gari. Ningependa vyuo vya ufundi vimfundishe kuzisoma namba hizo anayesomea udereva, si fundi pekee. Na ningependa matangazo ya matairi yatolewe pamoja na namba ya mzigo na tarehe, kama yanavyotolewa pamoja na bei.

Hadi hayo yatimie, kazi ni ya mnunuzi. Kabla ya kufungua simu, fungua mlango wa gari lako, nakili yaliyoandikwa kwenye nguzo, kisha inama uyalinganishe na yaliyo ubavuni mwa matairi yote manne na spea. Ukishajua gari lako linastahili kilo ngapi kwa kila tairi, muulize muuzaji namba ya mzigo na tarakimu nne za tarehe, akuonyeshe zote kwa picha ya tairi lenyewe. Asiyeweza kukuonyesha namba hizo mbili hajui anachouza au hataki ukijue, na pesa yako isimfikie.